Imla ya Mwenye Deni

Katika shughuli za biashara ndogo ndogo za pwani yetu hakuna neno zito kulitamka kama lile ambalo mpambaji wa harusi hulitamka mwishoni mwa mazungumzo, baada ya kwisha kutajwa siku ya karamu, idadi ya viti, rangi ya vitambaa, maua ya jukwaa la bibi harusi na bei ya vyote hivyo. Nalo ni ombi la kumtaka mzazi aliyeketi mbele yake, mtu mzima mwenye haiba na hadhi, atie sahihi katika mkataba. Mzazi huyo, ambaye pengine alimjua mpambaji tangu alipokuwa akienda chuoni na juzuu yake kwapani, huitazama karatasi, kisha humtazama aliyeileta, na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyeguswa pabaya: "Kwani huniamini, mwanangu?" Wengi hushindwa kujibu; huikunja karatasi, wakapokea arubuni, na yaliyobaki wakamwachia Mola. Halafu Mfunguo Mosi huingia, harusi zikafuatana usiku kwa usiku, na mambo yaliyoachiwa Mola hurejea kwa waja yakiwa ugomvi: mmoja akumbuka viti mia tatu na mwenziwe mia nne, mmoja asema arubuni hairudi na mwenziwe aapa kwamba jambo hilo halikupata kufika masikioni mwake.

Siku hizi imepatikana njia ya kuipita haya hiyo. Mpambaji huuandika mkataba wake mara moja, huuweka katika programu ya kutilia sahihi, na kumpelekea mteja kiungo kwa barua pepe au kwa WhatsApp. Mteja hukifungua katika simu yake, huchora jina lake kwa ncha ya kidole au hulipiga kwa herufi, akagusa mahali palipoandikwa kwamba amekubali, na kabla hajaiweka simu chini pande zote mbili huwa zimepata nakala moja, yenye tarehe, saa, dakika, na anwani ya mtandao ambayo simu hiyo ilikuwa ikiitumia. Aibu ya kuomba imehamia kwa chombo kisicho na uso wala nasaba, na hakuna akiulizaye chombo kama kinamwamini. Mimi sioni ubaya wa nafuu hiyo, kwani mwenye kulila jasho lake ana haki ya kulihifadhi. Lakini naona kwamba imetuletea tena swali ambalo karatasi ilikuwa imetuzoesha kulisahau, nalo ni kwamba kidole kilipogusa kioo, ni kitu gani hasa ndani ya mtu kilichofungika.

Sheria za serikali hazitusaidii sana hapa, ingawa si haki kuzilaumu. Sheria ya mikataba ya Tanganyika ya mwaka 1961, iliyochota kwa wingi katika ile ya Uhindi ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Afrika Mashariki kabla yake, haidai kwamba makubaliano ya kupamba ukumbi yaandikwe. Hudai ridhaa huru ya watu wenye akili timamu juu ya jambo la halali, na ulimi hutosha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 iliongeza kwamba sahihi haibatiliki kwa sababu tu imetiwa kwa njia ya umeme, na Kenya ilikuwa imekwisha kulitambua jambo hilo katika marekebisho ya sheria yake ya mawasiliano ya mwaka 2009, ila wasia na hati kama hizo zikaachwa nje. Kwa hiyo kadhia ya mpambaji mbele ya hakimu si kubwa. Kadhia kubwa ni ile iliyo baina yake na dhamiri yake.

Na tuanze na lile swali la mzazi, kwa kuwa halikujibiwa. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, haizungumzi habari za sala wala saumu. Yazungumza habari za kuandikiana madeni ya muda maalumu, na wanaoambiwa waandikiane ni watu walioitwa kwa jina la imani, yaani wale ambao kama ingekuwa kuaminiana pekee kunatosha, wao ndio wangekuwa wa kwanza kusamehewa wino. Aya hiyo inawakataza wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa, na sababu inazozitaja ni uadilifu, uimara wa ushahidi, na kuepukana na shaka. Haitaji popote kwamba huyu amshuku yule. Jamhuri ya wanazuoni waliichukua amri hiyo kuwa ni ya kupendekezwa, si ya kufaradhishwa, na aya inayofuata yenyewe inatoa nafasi kwa watu walioaminiana, kwa sharti kwamba aliyeaminiwa aitekeleze amana yake. Basi mpambaji angeweza kumjibu mzee wake kwa adabu: "Nakuamini, mama, na ndiyo maana naandika, nisije nikakusingizia kwa kusahau kwangu." Wahenga nao walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, wala hawakusema kwamba hupotea kwa wezi tu, sehemu kubwa hupotea kwa watu wema wenye kumbukumbu mbovu.

Hata hivyo, aliyeandika asidhani kwamba maandishi ndiyo yaliyozaa wajibu. Kisa cha Hudaybiya, mwaka wa sita wa Hijra, chafaa kutafakariwa na kila mwenye kushika mkataba. Maquraishi walimtuma Suhayl bin Amr kufanya suluhu na Mtume. Ali bin Abi Talib akawa mwandishi. Na ilipoandikwa kwamba haya ndiyo aliyokubaliana Muhammad, Mtume wa Mwenyezi Mungu, Suhayl aliteta kwamba lau wangemkiri kuwa ni Mtume wasingempiga vita, na Mtume akaridhia cheo chake kifutwe, paandikwe jina lake na la baba yake. Lile neno lililokuwa ndiyo kiini cha ujumbe wake liliondolewa katika waraka, na waraka ukashika vile vile, kwa sababu lililotakiwa lilikuwa ni kutambulikana nani anamfungamania nani. Kisha likatokea kubwa zaidi. Kabla waraka haujakamilika alitokea Abu Jandal, mwana wa huyo huyo Suhayl, aliyekuwa amesilimu na kufungwa minyororo na baba yake, akijikokota kuwaendea Waislamu. Na sharti moja lilikuwa kwamba anayewakimbia Maquraishi bila ya idhini ya walii wake arudishwe. Walikuwapo maswahaba ambao nyoyo zao zilipasuka kwa uchungu. Wino ulikuwa haujakauka, na mtu mwenye kutafuta upenyo angeupata papo hapo. Abu Jandal alirudishwa, akaambiwa asubiri, kwa kuwa ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Ahadi ilisimama mbele, na karatasi ikaja nyuma yake ikiifuata.

Ikiwa ni hivyo, kuna haja gani ya alama, iwe ya kalamu, ya muhuri au ya kidole? Majibu mawili yamepata kutolewa ulimwenguni, na yote mawili yamo katika simu ya mteja wetu bila yeye kujua. La kwanza ni kwamba alama humtambulisha mtu. La pili, lisilosemwa kwa sauti, ni kwamba alama humtisha. Mwaka 1858 huko Bengal, William Herschel, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, aliandikiana mkataba na Rajyadhar Konai wa kuleta vifaa vya kutengenezea barabara, akampaka wino kiganja kizima na kukigandamiza nyuma ya karatasi. Wakati huo hakuwa na elimu ya kumtambua mtu kwa michirizi ya ngozi yake, elimu ambayo baadaye yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Alichokusudia, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa kumtia yule mtu hofu asije akaikana sahihi yake. Alama za vidole zilizokuja kuenea katika ofisi za dunia, na ambazo babu zetu wengi walizitia katika karatasi wasizoweza kuzisoma, mwanzo wake ni mkataba mdogo wa kazi na kitisho kidogo cha mkuu kwa mnyonge.

Sahihi ya kioo cha simu imegeuza jambo hili juu chini. Haimtishi mtu hata kidogo, na hapo ndipo penye hatari yake. Kiganja chenye wino, hata kikiwa kimepakwa kwa dhuluma, kilimfanya mwenyewe ajue kwamba kuna jambo kubwa limempata. Mguso wa kioo ni ule ule anaoutumia mtu kuitika salamu, kununua muda wa maongezi, na kuondoa tangazo lililomziba macho. Tunasema amali huhukumiwa kwa nia, lakini nia haina budi kupata nafasi ya kuzaliwa. Katika baraza, mbele ya kahawa, nafasi hiyo ilikuwapo, na Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na wengi katika pwani hii, aliihifadhi kwa hukumu kabisa: wauzianao wana hiari ya kurudi nyuma maadamu hawajatengana katika majlisi yao. Majlisi ya simu hufungwa papo kwa kidole.

Maulamaa wa zama zetu hawakulala usingizi. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwaka 1990, ilitazama telegramu, teleksi, simu na kompyuta, ikaamua kwamba watu walio mbali wanaweza kufunga mikataba kwa vyombo hivyo, ijabu, yaani neno la mwenye kutoa, ikimfikia mwingine na kabuli, yaani neno la kukubali, ikitolewa; ikaitoa nikahi kwa sababu ya haja ya mashahidi, na ubadilishaji wa sarafu kwa sababu ya haja ya kukabidhiana. Nimekuwa nikiona lipo la kufurahisha kidogo katika hukumu hii kwa upande wa mpambaji wetu: ndoa yenyewe haifungiki kwa njia hiyo, lakini maua yake, viti vyake na taa zake zote zaweza kufungwa kwa mguso mmoja.

Lakini katika aya ile ile ya deni kuna amri ambayo sijaona ikizingatiwa na yeyote katika watengenezao programu hizi, wala na wafanyabiashara wazitumiao, wala, kwa haki, na sisi tuliozoea karatasi kabla yao. Aya inasema ni nani atoe imla. Haisemi atoe mwenye haki ya kudai. Inasema atoe yule ambaye haki iko juu yake, mwenye kudaiwa, naye amche Mola wake wala asipunguze chochote. Mwandishi kazi yake ni kuandika kwa uadilifu. Maneno yatoke katika kinywa cha mwenye kufungika. Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mtu aliyeutamka wajibu wake kwa ulimi wake hawezi kusema kesho kwamba hakuujua, na kwa sababu mwenye nguvu hana mlango wa kupenyeza neno ambalo mnyonge hakuliona. Kukiri kumetiwa ndani ya kuandika, visiachane.

Tazama sasa mikataba yetu. Mpambaji, au kwa hakika zaidi yule aliyeutunga mfano wa mkataba ambao mpambaji aliunakili, ndiye aliyetoa imla kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ikiwa pamoja na wajibu wa mteja, na mteja hakuachiwa kazi ila ya kuchora jina. Chukua sharti la arubuni, ambalo ndilo mzizi wa ugomvi mwingi. Kwa jamhuri ya mafakihi, Imamu Shafii akiwa mmoja wao, kuishika arubuni ya mtu aliyeghairi bila ya kumpa chochote badala yake hakujuzu. Imamu Ahmad bin Hanbal ndiye aliyejuzisha, na Majmaa ilimfuata mwaka 1993 kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekewe mpaka. Mimi naona kauli ya Ahmad yafaa katika kazi hii, kwa kuwa mpambaji aliyeizuia Ijumaa yake kwa ajili yako amewakataa wengine, na Ijumaa iliyopita hairudi sokoni. Lakini jambo ambalo maimamu wakubwa walihitilafiana juu ya uhalali wake haliwezi kutiwa katika mstari wa kumi na saba, kwa herufi za kupofusha, chini ya kioo cha upana wa kiganja, kisha ikasemwa kwamba mama wa bibi harusi ameliridhia kwa kuwa kidole chake kilipita juu yake kikielekea chini.

Na si kwamba dawa yake ni ngumu. Programu nyingi za kutilia sahihi huruhusu nafasi tupu za kujazwa na mteja, na wafanyabiashara hujaza kila kitu wenyewe kwa sababu ya haraka. Mpambaji mwenye kutaka kuifuata ile adabu angeyaacha wazi mambo machache yaliyo mazito, siku, idadi ya viti, kiasi kilichobaki na mwisho wa kukilipa, na hatima ya arubuni ikiwa harusi itaahirishwa, akamtaka mteja ayaandike kwa maneno yake. Na mteja asiyependa kuandika angeyasema katika ujumbe wa sauti, ambao watu wetu huupenda kuliko herufi. Naye mpambaji, kwa kuwa yeye pia ni mwenye deni, deni la kazi, angetoa imla ya upande wake: nitafika saa fulani, nitaleta hivi na hivi, nisipofika nitarudisha kiasi hiki. Mikataba mingi niliyoisoma ina ufasaha mwingi katika makosa ya mteja na ububu katika makosa ya mwenye biashara.

Yasemwa kwamba chombo chenyewe ni shahidi, na kwamba ni shahidi bora kuliko binadamu kwa kuwa hasahau wala hahongwi. Ni kweli kwamba ile kumbukumbu ya saa na anwani, pamoja na hesabu zinazofichua hata nukta moja ikibadilishwa baada ya sahihi, ni jambo ambalo makadhi wa kale wangelishukuru. Lakini mafakihi waliposhurutisha uadilifu kwa shahidi hawakuwa wakitafuta macho makali tu. Walimtaka mtu ambaye angeona haya kushuhudia dhuluma na angeweza kusema, simameni kwanza, huyu bibi hajaelewa. Kumbukumbu ya simu huona kidole; haioni kusitasita kwake.

Tena, kidole cha nani? Katika nchi zilikotungwa programu hizi, yadhaniwa kwamba kila mtu ana simu yake na anwani yake, na sheria ya Tanzania nayo, inapoitaja sahihi iliyo salama, yataka iwe imetengenezwa kwa njia iliyo chini ya mamlaka ya mwenyewe. Lakini harusi zetu haziwekwi na mtu mmoja. Huwekwa na kamati, na mashangazi, na mjomba aliyeko Muscat aliyeahidi kulipa ukumbi; na kiungo kikifika katika simu ya bibi, bibi humpa mjukuu, akamwambia: "Hebu nibonyezee hapa." Mjukuu wa miaka kumi na minne amefunga mkataba wa mamilioni kwa jina la mtu mwingine, na kumbukumbu itashuhudia kwamba bibi alisoma kurasa nne kwa nukta tisa. Aya haikuwasahau watu hawa: asiyeweza kutoa imla, walii wake aitoe kwa niaba yake, kwa uadilifu. Kumsaidia asiyeweza ni halali, lakini msaidizi amepewa neno la uadilifu limlemee, na mjukuu wetu hakupewa hata dakika ya kusoma. Katika hali kama hiyo mpambaji anayejua, na mara nyingi anajua, kwa sababu bibi yule hakuwahi kumjibu kwa herufi hata siku moja, hana udhuru wa kusema kwamba mfumo umekubali. Ampigie simu, amsomee.

Limebaki suala ambalo nalijua halitawaridhisha mawakili. Tuseme mteja ametia sahihi yake katika maandishi yasemayo kwamba arubuni hairudi kwa hali yoyote, na upo ujumbe wake wa sauti wa siku ile ile, ambao mpambaji aliusikia na kuuitikia kwa neno la heri, akisema kwamba akifiwa atarudishiwa nusu, kisha akafiwa. Hakimu, akiyapima maandishi yaliyotiwa sahihi na maneno yaliyosemwa, huenda akayatanguliza maandishi, wala sitamlaumu, kwa kuwa yeye huhukumu dhahiri. Lakini mpambaji si hakimu. Imla ya mwenye deni ilimfikia kwa sauti yake mwenyewe, akaikubali. Kilichoandikwa katika kioo kiliandikwa na mtu asiyewajua wote wawili. Kwa kauli yangu, nusu ile si mali yake, na aipeleke matangani kabla ya arubaini, bila ya kungoja aombwe.